Mafunzo ya Kukoroma

"Koroma," fundi cherehani alimnong'oneza mbwa wake sikioni. "Koroma, baba, mkaguzi huyoo anakuja."

Pindo akamlamba pua.

"Mama, huyu ataumbuka leo," alisema binti wa fundi. "Msikie anavyopumua! Hewa inaingia na kutoka kama dirishani."

Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Mbwa wa chama chao cha wafugaji walikuwa wa ukoo mmoja, damu safi isiyochanganywa na ya nje. Kaka alizaa na dada, mjomba akazaa na mpwa, mpaka ikawa baba mtu ndiye babu mtu, na shangazi mtu ndiye mama mtu. Basi mbwa halisi wa ukoo huo alikoroma hata akiwa macho, na magoti yalimteguka akishuka tu mkekani. Watu wakaona hiyo ndiyo heshima yake. Pindo alizaliwa mzima kama chuma. Mama yake alikuwa ametoroka siku moja kupitia uwazi wa uani, akarudi jioni anatikisa mkia.

Na chama hakikuwa na mzaha. Mbwa akionekana kwenye ukaguzi ana damu ya nje, anachomwa sindano, anazikwa siku hiyo hiyo.

Fundi alimpenda mno Pindo. Akaacha nguo za watu, akamfundisha kuchechemea, kukaa kitako kila akipiga hatua mbili tatu, na kukodoa macho kama anayekata roho. Somo la kukoroma alimwigizia marehemu mumewe.

Pembeni yao uwanjani, katika safu ya wanachama na mbwa wao, mwenyekiti wa chama alikuwa amemleta bingwa wake katika kigari cha mtoto, kafunikwa blanketi hadi kidevuni.

"Wako naye hajiwezi, dada?"

"Hajiwezi kabisa, kaka. Jana kapanda ngazi moja tu, tukaanza kulia."

"Hongera sana."

Mkaguzi akafika, akainama, akaweka sikio kifuani kwa Pindo. Pindo akakoroma. Akachechemea, akakaa kitako, akakodoa macho.

Mkaguzi nusura atokwe na machozi. "Damu safi hii! Sijaona mbwa aliye taabani kama huyu tangu nianze kazi."

Fundi alikuwa anashusha pumzi, ndipo paka alipodondoka kutoka paani, akakatiza katikati ya uwanja.

Pindo alichomoka kama jiwe la manati. Fundi akafumba macho.

"Mwanangu," alisema, "umejimaliza mwenyewe."

Akasubiri kelele za watu. Badala yake akasikia kishindo kwenye ukuta wa uwanja, kisha kingine, kisha vishindo mfululizo.

Alipofumbua macho, mbwa wote wa damu safi walikuwa wanauruka ukuta kumfuata paka. Aliyetangulia, kampita hata Pindo, alikuwa bingwa wa mwenyekiti, blanketi likipepea shingoni.