Kumponya Athanas

Siku ya tatu Athanas alimuuma mkewe mkono. Bernadina alifuta damu kwa kanga, akashika tena bakuli la matapishi.

Mguu wa Athanas ulikuwa kwenye mkatale, gogo lenye tundu ambamo Mzee Zamoyoni aliwafungia walevi wote waliokuja kwake Isaka. Mwaka huo, 1952, tiba yake ilijulikana mpaka migodini Geita. Siku ishirini na moja, kila asubuhi kikombe cha pombe ya moshi iliyochanganywa na mizizi, mpaka mtu atapike akisikia harufu tu. Kupika na kusafisha ilikuwa kazi ya ndugu wa mgonjwa.

"Mama Herman, nifungulie," Athanas aliomba. "Nipate kidogo tu, cha kulowesha ulimi."

"Subiri asubuhi."

"Nikitoka hapa nitakuua!"

Mzee Zamoyoni alicheka. "Mwache, mama. Hiyo ni pombe inaongea. Mwenyewe bado hajafika."

Bernadina alitaka sana huyo mwenyewe afike. Mwezi uliopita alikimbilia kwa baba yake, Segese, meno mawili ya mbele hana. Mzee Bartholomeo alimpa maji, kisha akamrudisha.

"Mlevi hajui anachofanya," alisema. "Sirudishi ng'ombe wa watu kwa sababu ya chupa. Kamponye mumeo kwanza."

Ng'ombe wenyewe hawakuwepo. Kaka yake alikuwa ameshawaolea.

Basi Bernadina alipiga hesabu yake. Athanas akipona, ataacha kupiga. Asipoacha, baba hatakuwa na la kusema. Vyovyote vile, yeye atapumzika.

Siku ya kumi na mbili Athanas alilia kama mtoto. Siku ya kumi na nane alikula ugali, akaomba mwingine. Siku ya mwisho Zamoyoni alimwekea kikombe cha moshi mtupu, usio na dawa. Athanas aligeuza uso, akatapika. Wakamtoa kwenye gogo.

Nyumbani Geita watu walikuja kumtazama. Shati amechomekea, macho meupe.

"Mama Herman!" alipiga kelele jirani yake, Philomena. "Umeolewa tena bila kutuita?"

Bernadina alicheka, akaficha pengo kwa kiganja.

Athanas alirudi kazini. Jioni alitengeneza mlango uliokuwa umelegea. Mkono haukutetemeka tena. Msumari aliupiga mara moja, ukazama. Alipomaliza aliweka komeo kwa ndani.

Wiki ya tatu Bernadina alishuka kwenye lori Segese. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kanga, umevunjika mahali pawili. Jicho moja halikufunguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Bartholomeo alimkagua toka kichwani hadi miguuni. "Alikuwa amelewa?"

"Hapana, baba. Tangu Isaka hajagusa hata tone. Waulize majirani." Hilo ndilo jibu alilotoka nalo Geita, akalitamka taratibu asikosee.

Mzee alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Haya, niambie mimi baba yako," alisema. "Mtu mwenye akili zake timamu hampigi mkewe hivi bure. Umemkosea nini?"