Alama ya Tatu

Kila mtu, yaani kila mtu, alivaa kidude sikioni chenye alama tatu kwa siku. Ukibonyeza, unachokitazama kinabaki kichwani milele. Usichobonyeza, ukilala kinafutika. Na Pazi, kijana aliyemaliza shule majuzi, siku hiyo alishachoma mbili kwenye mechi ya mtaani.

"Mpira tena?" mama yake alisema jikoni, akigeuza maandazi. Mchana alikuwa anapanda basi kwenda Kigoma, kazi ya mwaka mzima. "Mimi utanikumbuka kwa lipi, golikipa?"

"Ya tatu nakuwekea stendi, mama. Ukinipungia mkono."

Mara andazi likamponyoka mama, likatua kwenye sufuria ya chai, chubwi! Wakacheka mpaka mama akakaa chini. Kidole cha Pazi kikabonyeza chenyewe.

Kwa hiyo stendi akafika hana alama hata moja. Akamkodolea tu macho mama yake: kiraka cha kijani kwenye begi, mwanya wa meno, mkono dirishani, mpaka basi likakata kona.

Asubuhi aliamka anaogopa. Andazi lipo. Halafu, taratibu, kikaja kiraka cha kijani. Ukaja na mkono.

Akakivua kidude, akapiga simu. "Mama, we unakumbuka kitu ambacho hukubonyeza?"



"Siku uliyozaliwa," mama akasema kwa sauti ya chini. "Alama zilikuwa zimeniishia. Usimwambie mtu, mwanangu."