Hondohondo Aliyeogopa Kufungiwa

Hondohondo alijifungia kwenye tundu la mti aatamie mayai, akaziba mlango kwa tope kama ilivyo desturi ya majike wa kwao, akabakiza ufa wa kupitishia chakula. Mayai yakaharibika. Wengine yakiwafika hayo hubomoa wakatoka. Yeye akazidisha tope. Usingizi ukamhama, chakula kikamshinda.

"Mke wangu, twende kwa Pimbi, mganga wa maradhi ya akili," mumewe akamsihi kwenye ufa.

"Kwa Pimbi? Thubutu! Anawafungia wagonjwa gizani, wasione jua wala ndugu. Bora nife!"

Mume alipochoka kubembeleza, akamleta Pimbi mwenyewe mpaka mtini.

"Mama, mimi nakaa juu ya jabali, sina hata mlango," Pimbi akasema. "Mgonjwa akija tunaota jua, tunazungumza. Huyo aliyefungiwa gizani umemwona wapi?"

Hondohondo akajiandaa kumjibu. Akatazama huku, tope. Akatazama kule, tope. Mumewe mwenyewe alikuwa akimwona ncha ya mdomo tu.

Mara ikasikika ko, ko, ko ya mdomo, na bonge la tope likamwangukia Pimbi kichwani.