Ushauri wa Mama Chapa

Pale dukani, Mama Chapa alibonyeza herufi A ya laptop mara tatu, ikatokea mara moja. Akabonyeza M; ikazama, ikagoma kupanda, kama punda aliyelala njiani. Akajisemea moyoni: hii ndiyo.

"Chukua hii, mwanangu," alimwambia binti aliyesimama kando yake.

Binti alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tangu aanze chuo, kazi zake zote aliziandika kwa mkono, kisha akazipeleka kuchapwa kwenye kibanda cha Mama Chapa, mkabala na lango la chuo. Juzi akaja na maneno ya kukata maini: "Mama, nataka kununua laptop ya bei nafuu. Wewe ndiye mtaalamu, nisindikize."

Amsindikize! Kuku aombwe kunoa kisu! Leo huyu, kesho darasa zima, na kibanda kitabaki kuuza bahasha.

"Na ile ya kijivu?" binti aliuliza.

Ile ya kijivu Mama Chapa alikwisha kuijaribu kwa vidole vyote kumi. Vitufe vyake vilikuwa laini kama siagi.

"Ile? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hii betri yake unashinda nayo, kioo kizima, na bei unaimudu."

Sifa za hii zote zilikuwa kweli. Juu yake hakusema uongo hata neno moja; aliacha tu kutaja vitufe. Aina hiyo aliijua vizuri: ukurasa mmoja, vidole vinaomba likizo.

"Mama anajua vitu," alisema muuzaji, huku akitafuta mfuko upesi upesi.

Binti aligusa kitufe kimoja kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto la chai, akalipa.

Mama Chapa alirudi kibandani ametulia. Wiki moja tu ya kupigana na vitufe vile, binti angerudi mwenyewe.

Hakumaliza hata wiki. Jumatatu asubuhi huyo dirishani, daftari mkono mmoja, laptop mkono wa pili.

"Pole, mwanangu," Mama Chapa alisema, uso umejaa huruma. "Kuchapa kumekushinda?"

"Kuchapa? Mimi? Wala sijajaribu, mama. Mhadhiri ametoa sharti: kila kazi ichapwe ndani ya kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, na atazikagua. Ndiyo maana nikanunua." Akaifungua, akaisukuma mbele ya Mama Chapa. "Utakuwa unanichapia humu mpaka nihitimu."

Mama Chapa aliinua macho. Nyuma ya binti, foleni ilikuwa imefika langoni, na kila aliyesimama alikuwa na laptop kwapani.

"Hao ni wenzangu," binti alisema kwa fahari. "Niliwaambia ni wewe uliyenichagulia. Wote wamenunua kama hii."