Ngazi ya Mawe

Eda ya Tenri haijafika hata mwezi, shemeji yake Baso alikuja na karatasi yenye mhuri, akakaa kwenye ngazi ya mawe mbele ya nyumba ya marehemu kaka yake kama aliyeijenga yeye.

"Kiwanja ni cha ukoo wetu, shemeji. Rudi kwa mama yako."

Tenri alijibu kutoka dirishani. Mbao za nyumba ile alizibeba kichwani kutoka msituni, akiwa na mimba ya miezi saba. "Niko edani. Kutoka nyumbani kwangu sitoki."

"Basi kesho utatolewa."

Kesho yake asubuhi Baso aliwahi kukalia ngazi. Wanaume wa kijiji walikuja zaidi ya arobaini, na mianzi mirefu mabegani. Aliwasalimu, wakampita. Walipitisha mianzi chini ya sakafu wakaifunga kwenye nguzo zinazoibeba nyumba, ambazo kijijini hapo hazichimbiwi, husimama juu ya mawe tu.

"Mnafanya nini?"

"Unamfukuza mjane edani, halafu unauliza?" alisema imamu, akiinamisha bega chini ya mwanzi. "Hatoki nyumbani kwake. Anahama nayo. Kiwanja chako hicho, kikalie."

Akahesabu hadi tatu. Nyumba ikanyanyuka na Tenri ndani yake, ikavuka mashamba ya mpunga kuelekea kwa mama yake, moshi wa jikoni ukiifuata nyuma.

Baso alibaki ameketi, karatasi mkononi, kwenye ngazi inayopanda hewani.