Mgongo wa Zuleha

Zuleha nilimpata kwenye tovuti ya walezi wa watoto. Alifika Ruangwa kwa bodaboda kutoka Chiola, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimemwandalia maswali kumi na manne.

Hakumnyooshea mwanangu mikono kama wengine wote. Alimpa mgongo, akachuchumaa, akatandaza kanga mabegani, akangoja.

Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi minane, na hakuwahi kusimama bila kushika kitu.

Aliachia kiti alichokuwa amekishikilia. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, akaukumbatia mgongo ule.

Karatasi ya maswali ilinidondoka.

Zuleha, aliyesikia tu vishindo vidogo nyuma yake, alifunga kanga kifuani, akainuka.

“Naanza mimi kuuliza, mama,” alisema. “Huyu alianza kutembea lini?”