Tapeli Mwenye Sauti Yangu

"Mama, ni mimi! Wamedukua WhatsApp yangu. Usimpe mtu namba ya siri ya akaunti ya pesa za kahawa!"

Nilikuwa mjini, Kashai, nimeazima simu ya rafiki yangu Ishengoma. Yangu haikuwa na salio, na WhatsApp yake ilikuwa inaniambia tu kwamba seva haipatikani, nijaribu baadaye.

"Mwizi wewe," Mama alicheka kutoka kijijini Nshamba. "Mwanangu nachati naye sasa hivi. Leo ana adabu, hata utani hana."

"Huyo ndiye mwizi!"

"Sauti umeiiga vizuri. Haya, nisalimie Kihaya."

Nikamsalimia, nikamtajia na jina la bibi.

"Lo! Siku hizi mnasoma mpaka ukoo!"

Halafu nikasikia ukucha wake ukigonga kioo cha simu polepole, tarakimu moja, ya pili, ya tatu.

"Usikate, tapeli. Nammalizia mwanangu, nije nikutukane vizuri."